Nicole Oresme, Askofu wa Lisieux: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi wa hisabati, waseminari na wapenzi wa historia. Nimeyajibu kwa urefu tofauti, kwa sababu mengine yanakwisha kwa sentensi mbili na mengine yanadai subira. Nimempenda mtu huyu kwa miaka mingi, na sitalificha hilo.

Nicole Oresme alikuwa nani, kwa kifupi?

Alikuwa padre na mwanazuoni wa Ufaransa wa karne ya 14. Alizaliwa kati ya mwaka 1320 na 1325 karibu na mji wa Caen, katika jimbo la Normandie, akafariki tarehe 11 Julai 1382 akiwa askofu wa Lisieux. Aliandika juu ya hisabati, mwendo wa nyota, fedha, siasa, muziki na theolojia. Aliandika kwa Kilatini na kwa Kifaransa, na hilo la pili ndilo lililonivuta kwake.

Nicole si jina la kike?

Siku hizi ndiyo. Zama zake lilikuwa jina la kiume, namna nyingine ya kusema Nicolas, na baadhi ya vitabu humwita hivyo. Katika "Oresme" herufi s haitamkwi, kwa hiyo inasikika kama "Orem".

Lisieux hiyo ndiyo ya Mtakatifu Teresa?

Ndiyo hiyo hiyo. Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu jina la mji huo kwa sababu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa aliyefariki mwaka 1897. Oresme alimtangulia kwa miaka zaidi ya 500. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro alilolitumikia bado limesimama, ila Lisieux haina tena jimbo lake. Jimbo lilifutwa mwaka 1801, na eneo lake leo linaongozwa na askofu wa Bayeux na Lisieux.

Alitoka katika familia ya matajiri?

Dalili zinaonyesha kinyume. Mwaka 1348 jina lake linaonekana miongoni mwa wanafunzi wa theolojia wa Chuo cha Navarre, Paris. Chuo hicho kilianzishwa kwa wosia wa Malkia Jeanne wa Navarre, aliyefariki mwaka 1305, ili wanafunzi wasio na uwezo wasome kwa ufadhili. Ndiyo maana wanahistoria wengi wanaamini alikuwa mtoto wa wakulima. Mwaka 1348 ndio pia tauni kubwa ilipoingia Paris na kuua watu wasiohesabika. Kijana huyo alisoma huku mji ukizika. Miaka minane baadaye, 1356, alikuwa mkuu wa chuo kile kile.

Ni kweli alimfundisha Mfalme Charles wa Tano alipokuwa mtoto?

Jambo hili limerudiwa sana, lakini hakuna hati ya wakati ule inayolithibitisha, na wanahistoria wengi hawalikubali. Lililo hakika ni kwamba baadaye alikuwa mshauri wake wa karibu, na mfalme alimwagiza kazi kubwa za kutafsiri. Tutafika huko.

Alisema nini kuhusu fedha, na kwa nini padre aliingilia mambo ya sarafu?

Kwa sababu watu walikuwa wanaumia. Ufaransa ilikuwa katika vita na Uingereza, vita tunavyoviita leo Vita vya Miaka Mia, na wafalme wake walikuwa na njia rahisi ya kupata pesa: kuchakachua sarafu. Sarafu za zamani zilikusanywa, zikayeyushwa, zikatolewa mpya zenye jina na thamani ile ile lakini madini ya fedha ndani yake yamepungua. Kilichobaki kiliingia hazina ya mfalme. Mwenye duka alipandisha bei, mwenye mshahara wa kudumu alibaki analia. Mwaka 1356 Mfalme Jean wa Pili alitekwa katika vita vya Poitiers, na hali ikawa mbaya zaidi.

Katika miaka hiyo Oresme aliandika tasnifu fupi ya Kilatini iitwayo De moneta. Hoja yake ya msingi inaweza kusemwa na mama muuza nyanya: sarafu ni mali ya yule aliyeipata kwa jasho lake. Sura ya mfalme imechorwa juu yake ili kuthibitisha uzito na ubora wa madini, basi. Haimpi umiliki. Fedha ni ya jamii nzima na ya kila mmoja aliye nayo, kwa hiyo ni jamii pekee inayoweza kuamua ibadilishwe, na hata hivyo pale tu hitaji kubwa linapolazimu.

Alilinganisha sarafu na vipimo. Mfalme akibadili kimya kimya kibaba cha ngano ili apate faida, kila mtu atamwita mwizi. Kwa nini basi akibadili sarafu, ambayo nayo ni kipimo, aitwe mwenye busara? Kisha akaenda mbali zaidi ya nilivyotarajia nilipomsoma mara ya kwanza: alisema faida hiyo ni mbaya kuliko riba. Mla riba humkopesha mtu aliyekuja mwenyewe kuomba, na mkopo humsaidia japo kwa gharama. Mtawala anayechakachua sarafu huchukua cha watu bila ridhaa yao, na wao hawapati kitu.

Akatoa pia picha ya mwili. Damu yote ikikimbilia kiungo kimoja, kiungo hicho kitavimba, vingine vitakauka, na mwili utakufa. Ndivyo ufalme unavyokufa mali yote ikivutwa kwa mtawala.

Je, ushauri huo ulifuatwa?

Tarehe 5 Desemba 1360 ilitolewa amri ya kutengeneza sarafu mpya ya dhahabu, faranga, wakati wa kulipa fidia ya Mfalme Jean iliyopangwa kuwa écu milioni 3 (écu ilikuwa sarafu ya dhahabu). Charles wa Tano, aliyetawala kuanzia 1364 hadi 1380, aliilinda thamani ya sarafu yake. Si haki kumpa Oresme sifa zote za jambo hilo, kwani wafanyabiashara na wenye mashamba nao walikuwa wamechoka na kudai hivyo hivyo. Lakini mawazo yake yalikuwa yanazunguka katika nyumba ya mfalme.

Ndiye aliyetunga kanuni ya "fedha mbaya hufukuza fedha njema"?

Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Mwingereza Thomas Gresham wa karne ya 16. Oresme, miaka 200 kabla yake, aliona kwamba sarafu zikichakachuliwa, dhahabu na fedha nzuri hutoroshwa kwenda nchi zinazozithamini zaidi, na nchini hubaki takataka. Copernicus, mwanafalaki wa karne ya 16, naye aliandika kuhusu suala hilo. Wengi waliliona. Oresme ni kati ya wa kwanza kulieleza kwa utaratibu.

Nimesikia alisema dunia inazunguka kabla ya Copernicus. Ni kweli?

Ni kweli nusu, na nusu ya pili inapendeza kuliko ya kwanza.

Mwaka 1377 alimaliza kitabu cha Kifaransa kiitwacho Le livre du ciel et du monde, yaani kitabu cha mbingu na ulimwengu, ambamo alitafsiri na kufafanua kazi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Aristotle alifundisha kwamba dunia imetulia katikati na mbingu zinaizunguka kila siku. Oresme aliuliza: tunajuaje?

Ukiwa ndani ya chombo kinachokwenda taratibu na ukakitazama chombo kingine, huwezi kujua kwa macho peke yake ni kipi kinachokwenda. Yeyote aliyewahi kuondoka bandarini kwa jahazi anajua jinsi gati linavyoonekana kurudi nyuma. Basi macho hayatoshi kusema kama ni mbingu au dunia inayozunguka.

Wapinzani walisema: dunia ingekuwa inazunguka kwenda mashariki, mshale uliorushwa moja kwa moja juu ungeanguka mbali upande wa magharibi. Oresme akajibu kwamba mshale unakwenda juu na wakati huo huo unakwenda mashariki pamoja na dunia na hewa, kama vile mtu aliye kwenye merikebu anayeshusha mkono wake sambamba na mlingoti. Yeye anaona mkono umeshuka wima, ingawa umesafiri pia pamoja na chombo.

Vipi Maandiko? Yoshua aliliamuru jua lisimame, na Zaburi inasema ulimwengu umewekwa imara. Oresme alijibu kwamba Maandiko husema kwa namna watu wanavyosema kila siku. Akaongeza kwamba muujiza wa Yoshua ungetimia kwa urahisi zaidi kwa kuisimamisha dunia iliyo ndogo kuliko kuzisimamisha mbingu zote.

Hoja ninayoipenda ni ya jikoni. Nyama iliyotungwa kwenye kijiti hugeuzwa mbele ya moto ili ipate joto pande zote. Hatuuzungushi moto kuizunguka nyama. Yeyote aliyegeuza mishikaki anaielewa hoja hii. Kwa nini basi mbingu kubwa namna ile zikimbie kwa kasi isiyofikirika kila siku, wakati dunia ndogo ingeweza kugeuka yenyewe?

Baada ya hayo yote, akaandika kwamba watu wote wanaamini, na yeye pia anaamini, kuwa mbingu ndizo zinazozunguka na dunia imetulia.

Kwa nini akarudi nyuma? Aliogopa kuadhibiwa?

Wasomaji wengi huona hivyo mara moja kwa sababu wanafikiria kesi ya Galileo. Lakini Galileo alihukumiwa na Kanisa kwa kutetea kwamba dunia inazunguka mwaka 1633, na hali ya karne ya 14 ilikuwa nyingine. Oresme aliandika hoja hizo wazi, katika kitabu alichoagizwa na mfalme, na mfalme akamzawadia.

Mwenyewe alieleza nia yake. Kama akili haiwezi kukata shauri hata juu ya jambo linaloonekana wazi kwa kila mwenye macho, basi wale wanaojivunia akili ili kuishambulia imani wana msingi dhaifu. Alitaka kuonyesha mpaka wa hoja. Namwamini. Alizipima pande zote mbili, akakuta mizani imelala sawa, na akabaki na imani iliyokuwapo.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku kauli 219 zilizofundishwa chuoni, na baadhi yake ziliwekea mipaka uwezo wa Mungu. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: wanazuoni walipaswa kukubali kwamba Mungu angeweza kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja, hata kama Aristotle alisema haiwezekani. Marufuku ikafungua mlango wa kufikiri. Oresme aliupita mlango huo mara nyingi.

Alipingaje unajimu?

Kwa vitabu kadhaa, vya Kilatini na kimoja cha Kifaransa, Livre de divinacions, alichokiandika kwa lugha hiyo ili wakuu wakisome wenyewe. Charles wa Tano alipenda wanajimu. Baba wa mwandishi Christine de Pizan, Thomas, aliitwa kutoka Italia awe mnajimu wake. Kwa hiyo Oresme alikuwa anapinga jambo lililokaa mezani kwa bwana wake.

Hakukataa kwamba nyota zinaweza kuwa na athari fulani. Alichokikataa ni madai ya kujua siku njema ya kwenda vitani au hatima ya mtu kutokana na saa ya kuzaliwa. Hata hali ya hewa, alisema, mabaharia na wakulima huitabiri vizuri kuliko wanajimu.

Kisha akaleta hisabati. Mnajimu hutegemea sayari kurudia mpangilio ule ule. Oresme alionyesha kwamba ukichukua uwiano wowote wa mizunguko miwili ya angani, kuna uwezekano mkubwa usiandikike kwa namba nzima. Ikiwa hivyo, sayari hazitarudi kamwe mahali pale pale kwa pamoja, na utabiri unakosa nguzo. Katika kazi yake moja alisimulia ndoto ambamo Hesabu na Jiometri zinapambana mbele ya mungu Apollo, kila moja ikitetea upande wake. Ndoto inakatika kabla hukumu haijatolewa.

Mchango wake katika hisabati ni upi hasa?

Wa kwanza ni michoro. Alichora mstari wa mlalo kuonyesha muda, na juu yake mistari ya wima kuonyesha kasi ya kila wakati. Hiyo ni karibu sana na grafu tunayochora darasani, takriban miaka 300 kabla ya mwanahisabati Mfaransa Descartes. Kwa njia hiyo alithibitisha kanuni iliyokwisha kutajwa na wanazuoni wa Oxford: kitu kinachoongeza kasi sawasawa husafiri umbali ule ule kama kingekwenda muda wote kwa kasi ya wastani. Gari likitoka kusimama hadi kilomita 60 kwa saa, likiongeza kasi sawasawa kwa dakika 2, litakwenda kilomita 1, sawa na kwenda kilomita 30 kwa saa kwa dakika hizo 2. Kwenye mchoro, eneo la pembetatu ni sawa na la mstatili wenye nusu ya kimo chake. Galileo alitumia mchoro wa aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1638.

Wa pili ni thibitisho ambalo naliona zuri kupita yote. Jumlisha 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + 1/5 na kuendelea bila mwisho. Sehemu zinazidi kuwa ndogo. Je, jumla itafika ukomo? Oresme alizikusanya kwa mafungu. Sehemu 1/3 na 1/4 kwa pamoja zinazidi nusu. Kuanzia 1/5 hadi 1/8, zinazidi nusu. Kuanzia 1/9 hadi 1/16, zinazidi nusu tena. Mafungu hayaishi, na kila moja linaongeza zaidi ya nusu, kwa hiyo jumla haina ukomo. Nimelieleza thibitisho hili kwa mwanafunzi wa kidato cha pili kwa chaki na ukuta, akalielewa.

Alifanya kazi pia na vipeo vya sehemu, kama kipeo cha nusu, kabla hesabu hizo hazijapata alama zake za leo.

Ile hadithi ya siku inayopotea ni ipi?

Watu wawili wanaizunguka dunia, mmoja akienda magharibi na mwingine mashariki, wa tatu anabaki nyumbani. Tuseme aliyebaki amehesabu siku 25. Wa magharibi, aliyekuwa akilifuata jua, atakuwa amehesabu 24, na wa mashariki 26. Oresme aliyajadili haya wakati hakuna mtu aliyewahi kuizunguka dunia. Mwezi Julai 1522, mabaharia waliosalia wa msafara wa Magellan walitia nanga Cabo Verde wakidhani ni Jumatano. Wenyeji wakawaambia ni Alhamisi.

Alikuwa askofu wa namna gani?

Muda wake wa uaskofu ulikuwa mfupi, na mfarakano mkubwa wa Kanisa, uliowapa Wakatoliki mapapa wawili, ulianza mwaka 1378 akiwa ndiyo kwanza ameshika kiti. Kabla ya hapo alikuwa kanoni wa Rouen, yaani padre wa baraza la kanisa kuu, kisha dekano, mkuu wa baraza hilo, kuanzia 1364. Mkesha wa Noeli wa 1363 alihubiri Avignon, ambako mapapa waliishi wakati huo, mbele ya Papa Urbano wa Tano, akakemea bila kupepesa macho maovu ya wakuu wa Kanisa.

Kwa nini aliacha Kilatini akaandika Kifaransa?

Charles wa Tano aliagiza. Mfalme huyu alikusanya katika Louvre maktaba ya mamia ya vitabu, na alitaka washauri wake wasome Aristotle bila mkalimani. Kuanzia mwaka 1370 hivi Oresme alitafsiri kitabu cha maadili, kisha cha siasa, kisha cha uchumi wa nyumbani kilichodhaniwa kuwa cha Aristotle, na mwisho cha mbingu. Alitafsiri kutoka Kilatini, kwani hakutumia Kigiriki. Aristotle huyo alikuwa ameifikia Paris akiwa amefuatana na ufafanuzi wa mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd wa Córdoba, na Oresme alimtaja na kujadiliana naye.

Wapo waliosema Kifaransa ni lugha ya sokoni isiyoweza kubeba falsafa. Katika utangulizi wake Oresme aliwajibu kwa historia. Kwa Warumi wa kale, alisema, Kigiriki kilikuwa kama Kilatini kilivyo kwetu sasa: elimu ilitolewa kwa Kigiriki, na Kilatini kilikuwa lugha ya mama, ya watu wa kawaida. Hata hivyo Warumi walihamishia elimu katika lugha yao. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Nimeisoma aya hiyo mara nyingi, na kila mara nafikiria darasa la sekondari Tanzania, ambako mtoto aliyefundishwa hesabu kwa Kiswahili hadi darasa la saba huamka siku moja akakuta pembetatu imebadilika jina.

Oresme hakuishia kwenye hoja. Maneno yalipokosekana, aliyaleta. Ni yeye aliyeingiza katika Kifaransa maneno démocratie na oligarchie, na mengine mengi ya elimu ya utawala. Alijua msomaji atakwama, hivyo mwishoni mwa kitabu aliweka orodha ya maneno magumu na maana zake. Wanaobishana kati ya "kompyuta" na "tarakilishi" wangemwelewa: mara nyingine alikopa neno zima, mara nyingine alilifafanua kwa maneno yaliyokuwapo, na hakuona haya kufanya vyote viwili katika ukurasa mmoja.

Kwa nini basi hajulikani sana?

Kitabu chake cha mbingu kilibaki katika nakala za mkono hadi karne ya 20. Mwanafizikia Pierre Duhem, aliyefariki mwaka 1916, ndiye aliyemrudisha machoni pa watu, japo kwa kumpa sifa nyingine zisizo zake. Leo kuna kreta inayoitwa Oresme kwenye upande wa mwezi tusiouona kutoka duniani.

Uaskofu aliupataje?

Aliueleza mwenyewe. Katika mistari ya mwisho ya kitabu cha mbingu anamshukuru Mungu kwa kumaliza kazi aliyoamriwa na Mfalme Charles, "ambaye, nilipokuwa nikiifanya, amenifanya askofu wa Lisieux". Mtoto wa Normandie alikabidhiwa kiti kwa kalamu iliyokuwa bado mkononi, na kazi iliyompa kiti hicho ilikuwa tafsiri.

Aliishi miaka mitano baada ya hapo. Alizikwa katika kanisa lake kuu.